Baiskeli ya Wanawake Wawili

Magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria, Arusha ilijaa pikapu, lakini zote zilifuata barabara kubwa. Mimi nilikuwa nesi, nimepanga chumba Ngarenaro, na kazi yangu ilikuwa kuwafuata waliojifungua majumbani mwao, kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Siku nyingine nilimaliza nyumba tatu tu, miguu imevimba.

Maziwa aliniletea mama mmoja wa Kimeru, wa rika langu. Alishuka kutoka mlimani alfajiri, dumu moja kichwani, jingine mkononi. Asubuhi moja alinikuta mlangoni nikijikanda miguu.

"Nesi, miguu hiyo utaimaliza."

"Na shingo yako je?"

Akacheka, akaketi. Nyumbani kwao, akasema, kulikuwa na baiskeli. Mumewe aliinunua enzi kahawa inalipa. Sasa akija mjini hupanda pikapu, na kuku wanalala juu ya baiskeli stoo.

"Nishuke nayo na maziwa, wewe uizungushe mpaka saa nane. Jioni nitaikokota kupanda, madumu yakiwa matupu."

"Unajua kuendesha?"

"Sijui. Wewe?"

"Sijui."

Mumewe alikubali huku akicheka, akijua hatutaweza. Jumapili nne, baada ya ibada, tulijifunza kwenye kiwanja karibu na uwanja wa mpira, Kaloleni. Vijana walikaa ukutani wakishangilia kila tulipoanguka. Kuanguka tulikuzoea. Kilichotushinda ni bomba la juu la fremu: sketi yangu ya kazi ilipanda mapajani mbele za watu, na khanga yake ilinasa kila alipotaka kushuka. Mzee mmoja wa usharika alituambia tuvae suruali au tuache, kisha akakumbuka kwamba suruali kwa wanawake nazo yeye hazitaki.

Jumatatu tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, Ngarenaro.

"Kata hili," mama wa maziwa akamwambia, "uliunganishe chini, kwa mshazari."

"Mama zangu, fremu itakunjika. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

Nilijua si kweli. Nilimsogezea fundi baiskeli. Alitutazama kwa zamu, akavaa miwani yake myeusi.

Siku mbili baadaye mume wa mama wa maziwa alishuka naye mpaka kwangu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia.

"Nesi, nani amekata baiskeli yangu?"

"Nimeikata mimi, baba watoto," mkewe akadakia. "Nesi usimuulize."

Aliizunguka ile baiskeli, akaushika mshono wa chuma kwa kidole. "Sasa mimi nitaipandaje? Watu watasema nimepanda baiskeli ya mke wangu."

"Basi ni ya mke wako." Mkewe hakutabasamu. "Ukitaka bomba lirudi juu, fundi yule pale. Lakini kesho maziwa yanashuka nayo."

Nilidhani ataibeba begani na kuondoka. Aliiegemeza ukutani, akaniuliza kama nina chai. Nilimmiminia vikombe viwili.

Tangu siku hiyo nilifika nyumba saba, hata nane, kwa siku. Katika nyumba moja ya Kaloleni nilimkuta mzazi wa siku ya tatu anatetemeka kwa homa, na watu wake wakidhani ni uchovu. Kwa miguu ningemfikia wiki iliyofuata. Nilimpeleka hospitali mchana ule ule, akapona, na mtoto wake akakua.

Wanawake wengine walianza kumpelekea fundi baiskeli zao. Hakuuliza tena mwenyewe yuko wapi.

Masika ile mama wa maziwa aliteleza kwenye mteremko, breki zimekwisha, akang'oka jino la mbele na maziwa yote yakamwagika. Nilimwambia apumzike walau wiki. Keshokutwa yake, kabla jua halijatoka vizuri, nilisikia kengele dirishani. Alikuwa amebadilisha breki zote mbili.