Siagi ya Amos Thwaite

Si kweli kwamba marehemu mume wangu, Amos Thwaite, alikuwa bahili. Wanaosema hivyo hapa Kirkrigg hawakuwahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka letu. Mimi nilisimama pale tangu aliponioa nikaacha ualimu, mpaka siku tulipofunga milango.

Jina walilombandika ni Scant. Nilifundisha lugha, basi nianze na hilo. Neno hilo husemwa juu ya kitu kisichotosha: blanketi lisilofika miguuni, makaa yasiyomaliza jioni. Lililetwa kwenye mabonde yetu ya Yorkshire na watu wa kaskazini waliovuka bahari zamani sana, walewale waliotuachia hata jina la Thwaite. Kwao lilimaanisha fupi, basi. Fupi kama mchana wa majira ya baridi. Halikumtukana mtu. Tusi wameliongeza majirani.

Walianza wakati wa vita, chakula kilipogawiwa kwa kadi. Siagi ilikuja dukani bonge zima, tukaikata kwa waya, wakia mbili kwa kila mtu kwa wiki. Asiyeuza dukani hajui kwamba kila ukikata, kidogo hubaki kwenye waya na kidogo kwenye karatasi, na bonge lililotosha kwa hesabu huisha kabla ya watu. Wenye maduka wengine walipunja kila kipande kidogo tu, wateja wasijue. Amos alikataa. Alingoja mizani ilale upande wa mteja, ndipo akafunga. Kilichopungua kilitoka kwenye fungu letu.

"Sisi ndio mwisho wa foleni, Winifred," alikuwa akiniambia huku anapangusa waya.

"Na leo foleni ni ndefu?"

"Ndefu, mke wangu. Toa bakuli la mafuta ya nyama."

Basi wanangu walikwenda shule na mkate wa mafuta ya nyama, wenzao wana siagi na kuwazomea: "Baba yenu analalia siagi, nyinyi mnalambishwa mafuta!" Hapo ndipo jina lilipozaliwa, na Amos hakujibu hata siku moja. Aliendelea kupiga mluzi na kukata. Mpaka leo nikipita mbele ya mlango ule nasikia kengele yake, na pua inaitafuta harufu ya jibini, chai na vumbi la mbao alilomwaga sakafuni kila asubuhi.

Sasa kanisa letu limejenga jiko, na mchungaji amependekeza lipewe jina la Amos. Juzi, kwenye chai ya akina mama, Hilda Alderson akacheka: "Jiko la Scant! Jamani, kila mtu aje na sukari yake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaweka kikombe chini, nikawaeleza habari ya waya kama nilivyoieleza hapa. Kicheko kikakoma.

Mchungaji akauliza kwa upole, "Bi. Thwaite, nimesikia palikuwa na nyumba yenye mtoto mgonjwa wa kifua, ikawa inapata siagi nyingi kuliko kadi zake. Ilitoka kwenu?"

"Ilitoka mezani kwetu. Vita vizima."

"Itaje basi, mama, maneno yaishe. Wenye nyumba watamtolea Amos ushuhuda."

Hilda aliacha kukoroga chai. Hakuinua macho.

Ningeweza kumaliza uvumi wa miaka yote kwa jina moja. Lakini Amos alikuwa akipeleka kifurushi kile kwa mlango wa nyuma, kofia imeshushwa usoni, ili mama wa nyumba ile asiaibike mbele ya watu.

"Jiko liiteni mtakavyo, mchungaji," nikasema. "Nyumba ile sitaitaja."

Wengine wamekuja mpaka kwangu kuuliza. Nawajibu vilevile: sitaitaja, na sisemi zaidi.