Siku Niliyompita Baba Barabarani

Ipo asubuhi moja ya Mbeya ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini haikubali kusahaulika. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu kijana, sijatimiza hata miaka miwili kazini, nikifundisha shule ya msingi iliyokuwa pembeni mwa mji, kwenye barabara inayopanda kwenda Chunya. Wiki ile nilikuwa mwalimu wa zamu, kwa hiyo nilikimbia mchakamchaka na wanafunzi kabla ya kuingia darasani. Wao wanaimba, mimi nakimbia pembeni na raba zangu nyeupe. Tulipofika kwenye kona tukamkuta baba yangu mzazi anatembea. Akanipungia mkono. Mimi nikampita kama simjui.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia unaona haya kufanya mazoezi watu wakikutazama. Usidhani nitakucheka. Haya hiyo naifahamu kuliko unavyofikiri, na mimi ilinigharimu kitu ambacho sikukipata tena.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi kule kwetu Kalenga, Iringa. Nyumba nyingi za mawe pale kijijini alizijenga yeye, na alikuwa mtu wa kupanda ngazi na kushuka kutwa nzima bila kulalamika. Asubuhi moja aliamka akashindwa kushika mwiko wake wa kazi. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu wa kulia haumsikii, na mdomo umekwenda upande. Alikuwa amepooza upande mmoja. Mama alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, kaka yangu alikuwa mbali, Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa na nyumba ya serikali yenye vyumba viwili. Nikamleta Mbeya akae kwangu, awe karibu na hospitali.

Pale hospitali alikuwapo muuguzi mmoja, mama wa Kinyakyusa, mtu mzima, mwenye sauti ya kuamrisha. Alimshika baba mguu, akaukunja na kuukunjua, kisha akamwambia, "Mzee, dawa yako kubwa ni barabara. Asubuhi utembee, jioni utembee, na uhesabu hatua kwa sauti ili na mdomo ufanye kazi. Usijifungie chumbani. Ukijifungia, mguu huu utakauka."

Baba akauliza, "Nitaweza kurudi Kalenga kwa miguu yangu?"

"Ukitembea, utarudi," yule mama akasema.

Basi baba akaanza. Ningependa umwone alivyokuwa, maana hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mzee wa miaka sitini na kitu, amevaa kaptula ya kaki kwa sababu suruali ilimkwaza mguu, na sweta langu la zamani kwa ajili ya baridi. Mguu mmoja mnene wa kazi, mwingine umeanza kusinyaa. Anakwenda anauburuta, fimbo mkono wa kushoto, na kila hatua anahesabu kwa sauti kubwa, maneno yanatoka yamepinda: moja, mbili, tatu. Akifika ishirini anasimama, anaushika ule mkono mbovu kwa mkono mzima, anauinua juu ya kichwa, anaushusha, halafu anaanza tena moja. Kwa wakati ule, mtu mzima kutembea barabarani bila jembe, bila mzigo, bila kuwa na aendako, lilikuwa jambo la kushangaza. Abiria waliokaa juu ya malori ya Chunya waligeuza shingo kumtazama. Wengine walicheka.

Yeye hakujali. Aliporudi nyumbani jasho linamtiririka, alinieleza kwa furaha jinsi alivyofika mpaka kwenye mti fulani au jiwe fulani ambalo jana yake lilimshinda. Mwezi wa pili wa mazoezi alikuwa anafika kwenye kona, na mdomo ulikuwa umeanza kurudi mahali pake. Mkono bado, lakini vidole viwili vilikuwa vinajikunja.

Mimi ndiye niliyejali. Siku moja nilitoka darasani nikakuta wanafunzi wa darasa la tano wamejipanga nyuma ya jengo, binti mmoja mbele yao anaburuta mguu na kuhesabu kwa mdomo uliopinda, wenzake wanamfuata. Waliponiona walitawanyika. Sikuwapiga. Niliingia chooni nikalia. Siku nyingine, kwenye chumba cha walimu, mwenzangu mmoja aliuliza kama yule mzee wa kaptula ana akili timamu, na mwingine akamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanangu. Nilitaka niheshimiwe. Nilikuwa najifunza kuongea Kiswahili cha darasani bila lafudhi ya Kihehe, na nilikuwa nimeanza kupata barua kutoka kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa na nia nami. Nikaona kana kwamba kila hatua ya baba barabarani ilikuwa inanirudisha nyuma.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya mchakamchaka. Alituona tunakuja, akajisogeza pembeni kutupisha, akahamishia fimbo kwapani, akainua ule mkono wake mzima. Akasema, kwa sauti yake ile ya kupinda lakini kwa kicheko, "Kamwene, mwalimu." Hiyo ni salamu ya kwetu. Wanafunzi wote waliisikia. Walinitazama waone nitafanya nini. Mimi nikatazama mbele nikaongeza mwendo, nao wakaongeza mwendo kunifuata, na nyuma yangu nikasikia kicheko cha kwanza, kisha cha pili.

Jioni nilimkuta amekaa kitandani kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Baba," nikamwambia, "naona sasa umepata nguvu. Haya mazoezi si ungeyafanya humu ndani? Barabarani watu wanacheka. Nafikiria heshima yako."

Alikuwa anausugua mkono wake mbovu kwa mkono mzima.

"Heshima yangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sawa. Nitatembea humu ndani."

Hakuniuliza kitu kingine. Chumba chake kilikuwa na kitanda, sanduku la bati na kiti. Ukiondoa hivyo, ilibaki nafasi ya hatua nne. Siku za kwanza nilimsikia kupitia ukutani: moja, mbili, tatu, nne, kisha kimya cha kugeuka, kisha moja tena. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Halafu sikumsikia tena, na ukweli ni kwamba nilipumua. Wanafunzi waliacha kuigiza. Nilijiambia kwamba baba anapumzika, ni mzee, na baridi ya Mbeya imeanza.

Aliyenifumbua macho alikuwa jirani yetu, Mama Sikitu. Alikuwa bibi mjane wa rika la baba, Msafwa, aliyekuwa akishuka kila asubuhi na kapu la viazi kichwani kwenda kuuza sokoni. Alinikuta nafua nguo, akatua kapu lake chini, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Mwalimu," akasema, "yule mzee wako mbona simwoni? Amesafiri?"

"Yupo, mama. Anafanyia mazoezi ndani siku hizi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia habari ya watu kucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa nakutana naye kila siku pale kwenye mwinuko," akasema. "Mgongo wangu unauma tangu nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho. Nikimwona yule mzee anavyohangaika na mguu wake, nasema na mimi nitafika. Waliocheka walikuwepo, sikatai. Lakini mwalimu, wale walikuwa wanapita tu. Wanacheka, wanakwenda zao sokoni, wanasahau. Wewe ndiye uliyebaki na kicheko chao, ukakipeleka ndani kwa baba yako."

Akajitwisha kapu lake akaenda. Hakunigombeza, hata sauti hakuipandisha. Nilibaki na mikono ndani ya maji ya sabuni mpaka ikafa ganzi.

Jumamosi ile nilimwambia baba tutoke. Alinitazama kama mtu anayehisi amesikia vibaya. Nilimvalisha kaptula yake, na hapo ndipo nilipouona ule mguu vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Goti lilikuwa limekakamaa, halinyooki. Paja lilikuwa limebaki kama mkono wangu. Vile vidole viwili vilivyokuwa vimeanza kujikunja vilikuwa vimelala tena. Nilimshika kiunoni tukatoka, na kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji, mahali ambapo zamani alipapita bila kupumzika, tulisimama mara tano.

Bombani kulikuwa na watu wengi wanachota maji, na wanafunzi wangu wakiwemo. Walitutazama, wakanong'onezana, binti mmoja akacheka. Kisha ndoo ya mtu ikajaa ikamwagika, wakageukia ndoo. Ndiyo hivyo tu. Kitu nilichokuwa nakiogopa, kitu nilichomfungia baba yangu chumbani kwa ajili yake, hakikudumu hata muda wa kujaza ndoo moja.

"Tuhesabu, baba," nikamwambia.

"Hesabu wewe. Mimi nitakufuata."

Nikahesabu kwa sauti, pale mbele yao, moja mpaka ishirini.

Tulitoka kila siku tangu hapo, asubuhi kabla ya shule na jioni. Lakini mguu haukurudi, mwanangu. Yule muuguzi alipomwona tena alinitazama usoni, nami nikainamisha kichwa. Alisema tumechelewa, tuendelee hivyohivyo.

Jioni moja nilikuwa namkanda mguu kwa mafuta ya moto. Nikaona nisipolisema siku ile sitalisema tena.

"Baba, ile siku ya mchakamchaka, pale kwenye kona."

"Nilidhani hukuniona," akasema. "Jua lilikuwa machoni kwako."

"Nilikuona, baba."

Nje watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani, unasikia majembe yanagongana.

"Najua," akasema. "Nilitaka iwe kwamba hukuniona."

Nikalia nikiwa nimeushika mguu wake. Aliweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, akaniacha nilie. Hakuniambia kwamba si kitu, maana hakuwa mtu wa kusema uongo. Alisema, "Kesho tutafika kwenye kona."

Hatukufika. Mwezi wa saba baridi ilizidi, ikamshika kifuani, na mwili uliokaa bila kutembea haukuwa na nguvu ya kupambana. Alifariki hospitali, siku ya tano tangu alazwe. Tulimpeleka Kalenga kwa lori, tukapita Makambako na Mafinga kwenye ile lami mpya, mimi nimekaa nyuma karibu na jeneza. Ndugu walipotupokea mjomba alisema kwamba baba alikuwa amewaandikia barua, akiwaambia wasimpelekee mtu wa kumlaki stendi, atakuja kijijini kwa miguu yake. Barua ile aliiandikisha kwa mtu mwezi ule alipokuwa akifika kwenye kona. Mimi sikuwa na habari nayo.

Sisemi eti angepona kabisa. Hilo analijua Mungu. Ninachojua ni kwamba alikuwa anapanda na mimi nikamshusha, kwa sababu ya macho ya watu ambao leo sikumbuki hata majina yao.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa Iringa, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Magoti yangu yalipoanza kuuma na presha ikapanda, daktari aliniambia nitembee nusu saa kila siku. Niliporudi nyumbani ile haya ya zamani ilikuwa inanisubiri. Mwalimu mstaafu, mnene, amefunga kanga kiunoni, anapanda mlima hana aendako. Siku ya kwanza vijana wa kijiweni waliniuliza, "Bibi, nani anakukimbiza?" Nikawauliza shikamoo yao iko wapi, wakanipa, nikaendelea. Wiki ya tatu hakuna aliyenitazama, na siku nilipokosa kupita kwa sababu ya homa, wale wale vijana walikuja kuuliza kama bibi ni mzima.

Basi mwanangu, nenda. Usingoje mpaka haya iishe ndipo utoke, kwa sababu haiishii ndani ya nyumba. Inaishia barabarani, kidogo kidogo, huku unatembea. Wakikucheka wasalimie, uendelee na hesabu yako. Na kama siku moja utamwona mtu wako anahangaika na mwili wake mbele za watu, mama yako, mumeo, mtoto wako, yeyote, usimwambie aingie ndani. Acha unachofanya uende ukatembee upande wake, na akikusalimia, mwitikie kwa sauti ambayo kila mtu ataisikia. Hilo ndilo nililoshindwa, na umri wote huu haujanipa nafasi ya kulirudia.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na uso usioogopa macho ya watu. Akupe watu wa kukusindikiza siku utakapodhoofika, na wasione haya kukuita mama. Na yale niliyoyajua nimechelewa, akujalie wewe uyajue mapema.