Marehemu Alikuwa Ndani Anakunywa Kahawa

"Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia ndugu, jamaa na wateja kifo cha Karakana ya Ndara za Sufu ya Radostina, kilichotokea ghafla. Marehemu alikuwa na umri wa miezi mitano. Ameacha cherehani nne, wafanyakazi watatu na mfiwa mkuu, paka Mkurugenzi."

Tangazo hilo lilikuwa na fremu nyeusi na msalaba juu, kama matangazo yote ya vifo yanayobandikwa milangoni mjini kwetu.

Kasoro moja tu. Marehemu, yaani Radostina mwenyewe, alikuwa ndani, anakunywa kahawa.

Mimi na Ognyan, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja bwenini, tulimkuta bibi mmoja mlangoni na maua manne. Kwetu idadi hiyo ni ya maiti. Wazima hupewa matatu au matano.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ognyan ndiye aliyeacha kwanza. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wafanyakazi watatu. Miaka yote alikuwa Ugiriki akiwaogesha wazee wa watu, na Ognyan akimwona kwenye simu tu.

Radostina alipofungua karakana, alimpigia. "Rudi, dada. Kazi ipo huku."

Akarudi.

Radostina, aliyekuwa ameingilia mlango wa nyuma, alilibandua tangazo huku akitukana. Lakini alikuwa amechelewa kulibandua. Asubuhi ile, akiwa bado hajafika, mnunuzi wa hoteli ya milimani alikuja kuagiza ndara za wageni wa msimu mzima wa baridi. Alisoma mlango, akavua kofia, akageuza gari.

"Poleni kwa msiba," alimwambia Radostina kwenye simu.

"Msiba gani, kaka? Tuko wazima."

"Mimi nimeshaagiza kwingine."

Biashara changa ni kama mtoto mchanga, homa moja tu inatosha. Bila oda ile, mmoja ilibidi aondoke, na wa mwisho kuajiriwa alikuwa Mama Ognyan.

Mimi, kwa uchungu wa jamii, nikaunda kamati ya uchunguzi. Mwenyekiti mimi, katibu mimi. Nikamshuku fundi viatu wa sokoni.

"Ana kijicho," nilimwambia Ognyan.

"Nikimjua aliyefanya hivi, Kalo, sijui nitamfanya nini."

Kamati ikavunjwa hapo hapo.

Siku ya Mama Ognyan kurudi Ugiriki nilikwenda kituo cha basi na maua matano. Ognyan alikuwa ameshika begi la mama yake.

"Kalo mwanangu," Mama Ognyan alisema, "paka wetu anaitwaje?"

"Mkurugenzi."

"Sisi kule ndani tunamwita Sharo. Anayemwita Mkurugenzi, kama lile tangazo, ni wewe tu, ukija kula mikate yangu ya jibini."

Ognyan aliliweka begi chini.

"Nimejua tangu siku ya kwanza," aliendelea. "Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

"Ni mimi, mama," nilisema. "Nilidhani ni mzaha."

"Kiwanda kikubwa kingecheka nawe. Sisi tulikuwa watatu."

Akachomoa ua moja, akanirudishia manne. Akapanda basi.

Ognyan amehamia chumba kingine.

Basi nasema hapa, bila fremu: Karakana ya Radostina iko hai na inashona. Mwenye hoteli, ukisoma, mpigie simu. Kuna mama anasubiri kule Ugiriki, na aliyemrudisha huko ni mimi, Kaloyan.