Kamati ya Ndege na Mpunga wa Usinge

Siku niliyoripoti kazini katika ofisi ya wanyamapori ya kanda, hapa Tabora, nilitegemea kupewa buti na kupangiwa doria. Nilikuwa binti wa mtaa wa Ng'ambo, mtoto wa fundi cherehani, nimetoka chuoni na hamu ya kwenda porini. Mkuu wa Kanda alinikaribisha kiti, akaniambia kwamba nitakuwa katibu wa kamati ya kitaalamu ya ndege. Sikuwahi kuisikia.

"Wajumbe wake si watumishi wangu," akasema. "Siwalipi mshahara, kwa hiyo siwezi kuwaamrisha, na wala hawaniogopi. Ndiyo maana nawahitaji."

Nilitoka mle ofisini nimenyong'onyea. Niliona nimepewa kazi ya kupika chai ya wazee.

Kamati ilikutana kila baada ya miezi michache. Mwenyekiti alikuwa Dakta Mayunga, daktari wa mifugo mstaafu, mtu wa maneno machache. Alikuwapo Padri Lazaro wa Ulyankulu, mzaliwa wa familia zilizotoka Burundi, aliyewafuatilia ndege tangu akiwa seminari. Alikuwapo pia Bi Hobokela, mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye alikuja kwa treni na kila mara alifika na swali ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu. Ofisi iliwapa usafiri na chakula cha mchana, basi.

Kazi yao ilikuwa kushauri. Mtafiti akitaka kunasa ndege na kuwavisha pete, yaani kile kipande chepesi cha chuma kinachofungwa mguuni ili ndege atambulike akinaswa tena, maombi yake yalipita kwao kwanza. Walimuuliza nani amemfundisha kumshika ndege bila kumvunja bawa, nyavu zake atazikagua mara ngapi, na kwa nini asingoje mpaka makinda yaruke. Mtu akidai ameona ndege asiyejulikana katika nyanda zetu, wao ndio waliopima ushahidi kabla haujaingia kwenye kumbukumbu. Walibishana kwa adabu, na kwa muda mrefu. Nikaanza kuipenda kazi ile bila kujijua.

Nilihamishiwa Urambo, kisha Kaliua, halafu nikarudishwa Tabora kwenye kiti kilekile cha katibu. Mkuu wa Kanda wa wakati huo alikuwa mwanamama mkali, mwepesi wa kuamua. Ni yeye aliyeniita asubuhi moja, mpunga wa Usinge, upande wa Kaliua, ukiwa unakaribia kuiva, akaniambia kwelea kwelea wameingia.

Asiyewajua ndege hawa aelewe hivi: ni wadogo, mmoja wao hashindi kiganja, lakini huja kwa makundi yanayojiviringisha angani kama moshi, na shamba wanalotua hubaki mabua. Dawa ya kuwaua hunyunyizwa na ndege ya kilimo jioni, wakiwa wamekusanyika kwenye malalo, yaani mahali wanapolala. Malalo yalisemekana kuwa kwenye matete ya bwawa. Humo humo korongo taji walikuwa na makinda, na watu wa kijiji walichota maji na kuvua samaki. Rubani alikuwa ameshafika Tabora.

"Nataka ushauri wa kamati haraka," akasema Mkuu wa Kanda. "Lakini ushauri, sio mdahalo."

Tulisafiri kwa barabara ya magharibi, ile inayofuata njia ya zamani ya misafara, na njia nzima ilikuwa mdahalo. Bi Hobokela hakutaka sumu hata tone. Dakta Mayunga alisema watu wakikosa mpunga watasafisha msitu wapate shamba jingine, na hapo tutapoteza ndege wengi zaidi. Mimi nilikaa katikati yao. Ushauri huo ningeuandika mimi, na sikujua upi ni wa haki.

Usinge tulipokelewa na Mama Nyanzobe, mwakilishi wa wakulima. Alitusalimu kwa Kinyamwezi, akamwamkia Dakta shikamoo, kisha akatupeleka shambani. Wanawake walikuwa wakipiga madebe tangu alfajiri na sauti zimewakauka. Dakta alimweleza kwamba tunataka kwanza kuhakikisha ndege wanalala wapi. Mama Nyanzobe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkikosea, nyie mnarudi Tabora," akasema. "Sisi tunabaki na mabua."

"Nikikosea nitarudi nisimame hapahapa mbele yenu," Dakta akamjibu. "Mpunga sitaweza kuurudisha, mama, hilo nakubali. Nipe jioni hii tu."

Tukagawanyika. Padri na Dakta walikwenda bwawani. Mimi na Bi Hobokela, pamoja na Mama Nyanzobe, tulifuata kundi kubwa lilipotoka mashambani. Jua lilipoanza kuzama, moshi ule wa ndege ulilipita bwawa bila kutua, ukaenda kumwagikia kwenye kichaka cha migunga, mbali na maji, mpaka matawi yakainama. Kelele zake zilitufanya tusisikizane. Tuliporudi, Padri alisema kwenye matete walikuwa wamelala minana kwa wingi, ndege wasuka viota, na kwelea wachache tu kati yao. Kwa mbali, mtu mwenye woga angeweza kuwadhania wote ni kwelea.

Bi Hobokela akasema atakubali sumu kwenye migunga peke yake, upepo ukiwa umetulia, na kijiji kizima kikatazwe kuokota ndege waliokufa. Dakta akaongeza kwamba wale wachache wa bwawani wanaswe kwa nyavu. Niliandika ushauri, wakausoma, wakarekebisha sentensi moja, na Mkuu wa Kanda akauidhinisha kama ulivyo.

Jioni iliyofuata ndege ya kilimo ilipita juu ya migunga. Asubuhi tuliingia shambani na Mama Nyanzobe. Palikuwa kimya. Hakuna debe lililopigwa. Alishika suke moja, akalikunja mkononi, akakaa chini kwenye tuta, akafunika uso kwa kanga. Dakta Mayunga alivua kofia, akapumua kwa sauti kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Bwawani, korongo taji walikuwa wakitembea na makinda yao. Mpunga ulivunwa.

Nimeshastaafu. Dakta ametangulia mbele za haki, na kiti cha mwenyekiti amekikalia Bi Hobokela. Vijana huniuliza kama sikuchoka na vikao. Nilichoka. Lakini nimeona maafisa walioamua peke yao, na nimeona wanavyokonda kwa mawazo.

Mwaka huu niliombwa nami nijiunge, mjumbe wa kujitolea. Katika kikao changu cha kwanza, mtafiti mmoja alitaka kufunga vifaa vya kurusha mawimbi kwenye migongo ya korongo, ili ajue wanakokwenda. Nilipinga kwa nguvu zangu zote, nikihofia mzigo ule utawaumiza. Wenzangu wakanisikiliza, wakanihoji, wakanionyesha nilipokosea, kwamba kifaa ni chepesi na hakimdhuru ndege, wakaidhinisha. Nilitoka nje, nikapanda bajaji kurudi nyumbani, na njiani nikagundua kwamba nacheka peke yangu. Nilikuwa nimeshindwa, na korongo walikuwa salama.