Karanga Kwenye Udongo Mweusi

Wiki iliyopita fundi alifungua kompyuta yangu ya ofisini, na harufu ya vumbi lililoiva kwa joto ikanijia puani. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilirudia kuivuta, kwa sababu ilinipeleka moja kwa moja sebuleni kwa akina Farzana, Shinyanga mjini, nikiwa darasa la sita, nimekunja ngumi kwa hasira.

Farzana tulikaa dawati moja. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa na majembe, na familia iliishi ghorofa ya juu ya duka hilohilo. Mjomba wake aliyekuwa akiishi ng'ambo alikuwa amewaletea kompyuta, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kilimo. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi kwa ajili ya shule. Nyumbani kwetu ni kijijini, upande wa Tinde. Kila Jumamosi, nikimaliza kufua, nilikimbilia kwa Farzana.

Mchezo ulianza kwa kuchagua udongo. Vilitokea viboksi vinne: mweupe wa kichanga, mwekundu, wa kahawia na mweusi. Ukibonyeza kimoja, unachagua mbegu, kisha unasubiri mvua ya kwenye kioo. Nilidhani hapo nimefika kwangu. Nimezaliwa shambani, nilijua luseni, ule mchanga mweupe wa mlimani, na nilijua mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni unaokung'ang'ania miguu mvua ikinyesha. Kwa hiyo karanga nikaziweka kwenye kichanga, kama mama alivyofanya miaka yote. Zikageuka njano, zikalala chini, na mashine ikatoa mlio mbaya kama mbuzi aliyekanyagwa.

Farzana, ambaye hakuwahi kushika jembe isipokuwa la kuuza, aliweka zake kwenye udongo mweusi. Zikastawi. Akapata alama mpaka zikajaa pembeni.

"Si ulisema nyie ni wakulima?" aliniuliza. Hakuwa na nia mbaya, lakini lile neno lilinichoma.

Jumamosi ile nilirudia mara tano. Jumamosi iliyofuata nilijaribu viazi, nikashindwa. Nilijaribu mtama kwenye udongo mwekundu, nikashindwa tena. Bibi yake Farzana alituletea chai ya maziwa yenye tangawizi, nami sikuionja. Ikapoa ikafanya utando. Mwishowe nilisalimu amri, nikaweka kila kitu kwenye mweusi. Mashine ikapiga muziki wa kunisifu, nami nikaanza kuwaona watu wa kwetu kuwa wajinga.

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani. Mvua zilikuwa zimeanza, na dada yake mama, aliyeolewa Bugarama, alikuwa amejifungua kwa shida. Mama akafunga mzigo aende kumuuguza. Aliniachia nusu debe ya karanga tulizokuwa tumezibangua wenyewe mpaka vidole vikaota sugu.

"Zipande kule juu tulipolima matuta," alisema. "Mdogo wako atakusaidia."

Nilimjibu ndiyo. Alipoondoka tu, nikamwongoza mdogo wangu mpaka bondeni. Siku tatu tulichimbua tope jeusi, na mbegu zote zikaisha humo.

Mama alirudi baada ya wiki mbili na kukuta matuta ya juu matupu. Nikampeleka bondeni kwa majivuno, maana karanga zilikuwa zimechipua za kijani hasa. Alisimama pembeni, kanga ikiwa imemlegea kiunoni.

"Ng'wanone," akaniita, mwanangu kwa Kisukuma. "Nani kakwambia zipandwe huku?"

"Kompyuta, mama."

Akafikiri kidogo. "Huyo ni mtoto wa nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliinama akabinya udongo kwa vidole, akautupa, akaondoka.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na huruma. Maji yalituama bondeni, na niliporudi likizo ya Juni nilikuta zaidi ya nusu zimeoza. Zilizobaki zilikuwa zimefungiwa ardhini, kwa kuwa mbuga ikikauka inakuwa kama saruji. Tuling'oa, mashina yakaja matupu, karanga zikabaki chini. Tukachimba kwa jembe, tukazikata katikati. Nililia kwa hasira, nikiupiga udongo kwa mpini. Tulipata bakuli moja, nyingi zikiwa mapepe.

Likizo yote ile mama na mimi tulikwenda kumvunia jirani yetu, Mama Maduhu, ili tupate mbegu. Karanga zake zilikuwa kwenye luseni. Ukivuta shina, zinatoka zote safi, kichanga kikidondoka chenyewe. Kila shina nililovuta liliniongezea uchungu.

Shule zilipofunguliwa nilimwambia Farzana kwamba mchezo wake ni mwongo. Alinitazama kwa mshangao. "Lakini unashinda," akasema. Sikukanyaga tena kwao kwa muda mrefu.

Kwa miaka mingi niliilaumu mashine. Nilipokua nikaelewa kwamba aliyeitengeneza labda alikuwa na udongo mweusi wa kwao, mwepesi, usiotuamisha maji, na hakuwa akisema na mimi wala na bonde letu. Lakini hilo nalo halikuwa jambo lenyewe. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomwomba mama radhi kwa zile karanga. Tulikuwa jikoni, akipepeta mchele.

"Mbegu si tulipata?" alisema, bila kuinua macho. "Nilichoumia ni kwamba ulikwenda kuuliza mjini jambo ambalo nilikuwa nalijua mimi."

Nilitaka kujitetea kwamba nilikuwa mtoto. Badala yake nikamsaidia kuchambua mawe.