Kiingereza cha Shambani kwa Mwalimu Tluway

Enzi zetu, ninyi wa rika langu mtanishuhudia, Kiingereza hakikuwa cha kuokota kwenye simu. Kilikuwa kinalimwa. Sitanii. Mimi nilikilima Jumamosi zote za darasa la saba, huku Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na walionilimisha nitawataja.

Wa kwanza ni Mwalimu Tluway. Aliwatangazia wazazi kwamba anayetaka mwanawe afaulu mtihani wa kuingia seminari amlete kwenye masomo ya ziada, bure kabisa, aje na jembe tu. Wazazi wakashangilia. Mama yangu, naye namtaja, Mungu amrehemu, alininolea jembe kwa mikono yake. "Mwalimu anakupenda," aliniambia. "Usimwaibishe kwa kuchoka."

Basi asubuhi, ukungu wa Ngorongoro haujainuka, tumboni uji mtupu, tumejipanga kwenye udongo mwekundu wa mwalimu. Yeye kakaa kitini na koti lake refu, chai ya maziwa mkononi. Akiita "Digi!" tunainua majembe. "Dagi!", yaani kitenzi hichohicho kikishapita, tunashusha. Aliyekosea anaongezewa tuta. Tulisoma kwa majira: wakati ujao tukipanda, wakati uliopo tukipalilia, wakati uliopita tukibeba magunia kwenda ghalani kwake. Mwalimu mkuu, Mzee Gwandu, alipoona tunavyoendelea vizuri, akasema vivumishi bado vinatupiga chenga, akatuhamishia kwenye maharage yake.

Rafiki yangu Bura, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, aliuliza siku moja: "Mwalimu, gunia likishaingia kwako, hapo ni wakati gani?"

"Wakati wa wewe kuongezewa matuta mawili."

Kusema kweli tulicheka sana kule. Tuliiba mahindi mabichi tukayachoma bondeni, tukarudi midomo myeusi kama masufuria. Tembo waliposhuka kutoka msituni wakafyeka nusu ya shamba, Bura akasema hao ndio peke yao waliokula mahindi ya mwalimu waziwazi, tena bila kutaja kitenzi hata kimoja.

Ila nyumba ya mwalimu ilikuwa na dirisha la kutazama shambani. Nyuma ya dirisha alikaa Emanueli, mtoto wa mwalimu, darasa moja na sisi, mbele yake vitabu vya hadithi vya Kiingereza kutoka kabati la shule. Ni vitabu vilevile tulivyoambiwa vimeliwa na mchwa. Tukiuliza mbona mwenzetu halimi, mwalimu anajibu, "Mwanangu ana kifua."

Siku ya mtihani, karatasi ilileta habari za familia inayosafiri kwa treni kwenda kwa shangazi. Nilitafuta jembe humo, sikuliona. Kisha padre mmoja mpole akaniita, akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa sauti niliyofundishwa: nimelima, ninalima, nitalima. Akaitazama mikono yangu, akaandika, akaita mwingine.

Alichukuliwa Emanueli peke yake. Kifua kikapona siku hiyohiyo. Sisi wengine, Mwalimu Tluway aliwaambia wazazi wetu, tulikuwa wavivu wa kusoma. Mama alimwamini. Alikufa akimwamini.

Emanueli mwenyewe upadre hakuufikia. Kiingereza kile kilimpeleka kwenye utalii, anawaonyesha wageni faru kule kreta ya Ngorongoro. Mimi nilibaki na nilichosomea.

Leo binti yangu wa mwisho, Neema, anafuatwa na basi la shule mpaka mlangoni. Kiingereza anakitoa puani kama mwenye mafua. Mche wa haragwe na gugu kwake ni kitu kimoja, na akiona nyungunyungu anapiga yowe majirani wakaja na fimbo. Watoto wa siku hizi! Sisi tulikuwa na nguvu, tulikuwa na heshima, hata nyimbo za kulimia tulikuwa nazo. Yeye ana vitabu. Ningebadilishana naye leo hii, wala nisingeuliza mara mbili.

Mwezi uliopita shule yake iliagiza kila mtoto aje Jumamosi na jembe, wakapalilie bustani. Neema akaanza kulitafuta jembe nyuma ya nyumba. Nikamwambia arudi ndani, asome. Nikaenda mimi.

Mwalimu, kijana mdogo tu, akanishangaa. "Shikamoo mzee. Lakini hii ni kazi ya wanafunzi."

"Marahaba," nikamwambia. "Nionyeshe tuta la Neema."