Siti ya Mtu Mmoja

Asubuhi ile nilipanda juu ya pikipiki, nikamweka mtoto mapajani, nikasema sishuki. Haikuwa imewashwa. Ilikuwa imeegeshwa katikati ya uwanja wetu, imezungukwa na vijana waliokuja kuishangaa, na mume wangu alikuwa bado ameshika kitambaa cha kuifutia vumbi. Nilikaa kwa sababu siti ilikuwa moja tu. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba nikikaa mimi, yeye hana pa kukaa.

"Shuka bwana, utaichubua," alisema.

"Sishuki."

"Mama mtoto, shuka. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Si ndiyo maana umeitengeneza hivi, iangaliwe?"

Mmoja wa vijana akacheka. "Shemeji, tia gia basi tuondoke."

"Mwache kwanza, anapasha injini," akadakia mwenzake.

Niliwaacha wacheke. Siti yenyewe ilikuwa ndogo kama sahani, imevalishwa ngozi ya ng'ombe iliyonunuliwa kwa wafugaji waliohamia huku kutoka Kanda ya Ziwa. Manyoya yalikuwa bado yapo, meupe kwa kahawia, na ngozi haikukaushwa sawasawa. Ilinuka. Nilikaa juu ya harufu ile na mtoto mwenye mguu mtupu, na huo mguu mtupu ndio ulionipandisha.

Mtoto wangu alizaliwa na unyayo wa kushoto umegeukia ndani. Hospitali, Nachingwea, wanaunyoosha kidogo kidogo. Wanauvuta kwa mkono, wanaufunga hogo la plasta mpaka pajani, anakaa nalo wiki nzima. Ijumaa mnarudi, wanauvuta zaidi, wanafunga jipya. Hogo la zamani mama unalitoa mwenyewe nyumbani asubuhi ya kliniki. Unamkalisha mtoto kwenye beseni la maji, linalainika, unatafuta ncha ya bandeji, unaanza kukunjua. Muuguzi alitwambia sote tuliokuwa kwenye benchi: msilitoe mpaka muwe na uhakika wa usafiri, maana mguu ukiachwa wazi unarudi ulikotoka. Mimi nilikuwa na uhakika. Mume wangu alikuwa amenipigia jana yake kutoka Ruangwa, akaniambia pikipiki imepona, anaondoka kwa fundi alfajiri, nikae tayari. Nikakaa tayari. Nilikuwa nimeshamaliza kukunjua, mtoto anachezesha vidole majini, ndipo nikasikia njiani mlio nisioujua.

Nieleze pikipiki ilivyokuwa kabla. Ilikuwa ya Kihindi, kuukuu, tuliyoinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Hela ilitoka kwenye korosho, na mikorosho aliniachia bibi yangu mzaa mama. Huku kwetu wengi bado mwanaume ndiye anayehamia kwa mwanamke, na sisi tulifanya hivyo, kwa hiyo hata nyumba imesimama kwenye kiwanja cha bibi. Nasikia wanawake wengine wakilia kwamba wamefungwa ukweni. Mimi nimefungwa kwetu. Hata kutishia kuondoka siwezi. Niondoke niende wapi, niiache mikorosho yangu nyuma?

Pikipiki ile ilikuwa na siti ndefu iliyochanika, tukaishona kwa uzi wa kushonea magunia, na nyuma keria ya nondo. Keria hiyo ilibeba ufuta, madumu, mabati, mbuzi, na safari moja bibi harusi na sanduku lake. Ijumaa ilinibeba mimi. Nilikaa nyuma ya mume wangu, mtoto kwenye kanga, hogo limechomoza pembeni kama mchi, kutoka kijijini kwetu upande wa Nambambo mpaka mjini. Penye mchanga mwingi nilishuka nikatembea, nikapanda tena mchanga ulipoisha. Sikuwahi kuipenda. Lakini kila wiki ilinitoa.

Kilichoiharibu ni jando. Dada wa mume wangu anakaa Chinongwe, na mwanawe alikuwa jandoni mwezi ule wa nane. Vijana wakitoka wanapokelewa kwa msafara, na mwenye sherehe ni mjomba. Mjomba ananunua nguo mpya, mjomba anatangulia, mjomba ndiye anayetazamwa na kuimbwa. Kwa watoto wake mwenyewe baba ni baba tu. Kwa watoto wa dada yake ni mtu mkubwa. Mume wangu alikuwa na hamu ya ukubwa huo tangu mvua za masika.

Basi akawa anaangalia video kwenye simu. Pikipiki fupi, nyeusi, zimeondolewa kila kitu, dereva amekaa chini kama amechuchumaa. "Hii inaitwa boba," aliniambia. "Unapunguza tu. Unatoa madigadi, unatoa siti, unakata nyuma, inabaki mashine yenyewe." Nilimwambia ni nzuri. Ilikuwa kwenye simu, ningesema nini? Aliponiambia anaipeleka Ruangwa, alisema ni shokapu ya nyuma inagonga, na ni kweli ilikuwa inagonga, nilikuwa naihisi kiunoni kila Ijumaa.

Fundi wa Ruangwa alipitisha grainda kwenye fremu nyuma ya tangi, akaondoa sehemu yote ya abiria, akachomelea bomba lililopinda kufunga ile nyuma. Tairi pana la nyuma. Ekzosi fupi. Taa ndogo pembeni kama ya baiskeli. Rangi nyeusi isiyong'aa. Nitasema ukweli: kazi ilikuwa safi, na mtu asiye na mtoto angeipenda.

Sasa nirudi uwanjani. Jua lilianza kupanda, vijana wakaanza kuangalia simu. Wote walikuwa na pikipiki zao, bodaboda zote za kijiji, zimefungwa vitenge na maputo tayari kwa msafara wa Chinongwe, ambao kwenye simu hakunitajia kwamba ni siku hiyohiyo. Walikuwa wanamngoja yeye, na yeye alikuwa ananingoja mimi.

"Nikichelewa watoto watatolewa bila mjomba," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unajua maana yake?"

"Najua. Wewe unajua maana ya huu mguu?"

"Ijumaa ijayo nitakupeleka."

"Utanipeleka nimekaa wapi?"

Akatazama nyuma ya pikipiki. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliitazama kwa swali hilo. Kisha akakasirika, kama mtu aliyekamatwa. "Na huo mguu kwani ni wa kwangu peke yangu? Mjomba wake yuko wapi? Mimi naenda kwa mpwa wangu. Kaka yako naye aje kwa mpwa wake."

Hakuna aliyecheka hilo, kwa sababu huku kwetu halikuwa neno la kijinga. Kaka yangu anauza mitumba Mtwara, na kweli mambo ya mtoto wa dada yapo shingoni mwake kwa desturi. Lakini kaka yangu hakuikata pikipiki.

"Na baba kazi yake nini?" nilimwuliza.

Akampigia simu mjomba wangu.

Mjomba alikuja kwa baiskeli, na kofia yake ya kuendea msikitini. Ndiye aliyesimamia ndoa yetu, ndiye ninayempelekea matatizo. Nilimwamkia nikiwa juu ya pikipiki. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unafanya nini huko juu?"

"Nangoja kupelekwa kliniki."

"Kliniki ipo kila Ijumaa," alisema. "Jando la mtoto ni mara moja. Shuka, mpwa wangu. Mwanaume hazuiwi kwa wapwa zake. Na mimi je, siku ile ningezuiwa, kaka yako angetolewa na nani?"

"Mjomba, nimeshatoa hogo."

"Mfunge kitambaa."

"Kitambaa hakinyooshi mguu."

Hakubishana tena. Alisogea, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka mapajani pangu taratibu, kwa upole kabisa, kama anambeba kumbembeleza, akaenda naye kibarazani. Mtu akikuchukulia mtoto, unamfuata. Nikashuka. Mume wangu akakaa kabla siti haijapoa, akawasha, na msafara wote ukaondoka na honi zake, na kijijini hakukubaki hata bodaboda moja. Nilisimama mlangoni na bandeji imelowa mkononi. Mjomba aliniambia nimefanya vizuri kushuka. Kisha akaomba uji.

Jioni wifi yangu akanipigia kutoka Chinongwe. Nilidhani anataka kunisema. Kumbe alikuwa hajui acheke au alie. Walipofika, watoto wakatolewa, ngoma ikapigwa, na kila mjomba akampandisha mpwa wake kwenye pikipiki amzungushe kijiji kizima, ndivyo wanavyofanya siku hizi badala ya kumbeba mabegani. Mume wangu akatangulia mbele na boba lake jeusi, watu wakapiga vigelegele, halafu akasimama kumpakia mtoto wa dada yake. Hakukuwa na pa kumpakia. Si yeye wala fundi aliyekuwa amewaza hilo. Mtoto amevaa miwani ya jua na suti mpya, amesimama mchangani, anangoja. Mwishowe akapakiwa na bodaboda wa Nanganga asiyemjua hata jina, mjomba anatangulia mbele peke yake.

"Wanawake wamemtungia wimbo palepale," wifi alisema. "Mjomba wa nusu pikipiki. Tumeucheza mpaka vumbi."

Nilicheka mpaka machozi. Nikamtazama mtoto, amelala, unyayo umeshaanza kuchungulia ndani, kicheko kikaniishia.

Kwa aibu ile mume wangu hakurudi. Alikaa Ruangwa kwa fundi, siku baada ya siku, simu haipokei. Mimi nilikaa ndani. Mnaojua vijiji vyetu baada ya mavuno mnajua: mchanga, jua, watu wote wapo ngomani, na wewe umekaa kizingitini unaushika mguu wa mtoto kwa mkono, unauvuta nje kama ulivyomwona muuguzi akifanya, mtoto analia, unaachia, unarudi. Nilikuwa naamka usingizini nikijikuta bado nimeushika.

Ijumaa iliyofuata niliuza majogoo wangu, nikapanda bodaboda. Muuguzi aliushika mguu, akaugeuza. Kisha akasema, "Mama, ulikuwa umebakiza hogo moja." Aliandika kwenye kadi, na nilipomwuliza sasa imekuwaje, akaniambia tunaanza mwanzo. Ijumaa zote, upya. Sikuwa na majogoo wa Ijumaa zote.

Mume wangu akarudi baada ya hapo, mpole, ameniletea kitenge. Nilimwambia sitaki kitenge, nataka fundi airudishe ile nyuma. Akaangalia chini. "Ile tumeshaiuza," alisema. "Chuma chakavu."

Sikupiga kelele. Nilikwenda ofisi ya kijiji na mtoto mgongoni na hogo lake jipya.

Mtendaji wetu ni kijana, tunalingana umri. Akanikaribisha kiti. "Haya dada, shida nini? Amekupiga?"

"Hajanipiga."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Ana pikipiki."

Akacheka, nikamngoja amalize. Nikamweleza yote. Alisikiliza, sikatai, lakini mwisho akarudi palepale: "Hili la kuongea nyumbani. Mjomba wako analijua?"

"Mjomba ndiye aliyenishusha."

Akachukua karatasi, akaanza kuandika, nikasoma maandishi yakiwa kichwa chini upande wangu: mgogoro wa ndoa. Nikamwambia afute. Sina mgogoro wa ndoa, nina mtoto aliyekoseshwa matibabu. Akanisukumia kalamu. "Andika mwenyewe basi, si umemaliza kidato cha nne?"

Nikaandika. Hivi ndivyo barua ilivyokwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kupitia kwa mtendaji:

"Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, mama wa mtoto mmoja anayetibiwa mguu. Namlalamikia mume wangu kwa kukata pikipiki tuliyokuwa tunampelekea mtoto hospitali na kuifanya ya mtu mmoja bila kuniuliza, wakati imenunuliwa kwa korosho zangu. Namlalamikia pia mjomba wangu kwa kumchukua mtoto mikononi mwangu ili pikipiki iondoke siku ya kliniki. Kwa sababu hiyo mguu umerudi na matibabu yameanza upya. Sijapigwa. Siombi talaka wala sitaki mtu afungwe. Naomba mume wangu aagizwe kuunga fremu na kuweka siti ya watu wawili na keria kabla ya Ijumaa. Akishindwa, iuzwe hivyo ilivyo, inunuliwe inayobeba mtoto. Mjomba wangu naye aitwe, ajibu mbele ya afisa na si kibarazani kwangu. Nimesoma niliyoyaandika, nayakubali."

Mtendaji alisoma polepole. Alipofika katikati akainua macho.

"Na mjomba unamwandika?"

"Naye."

"Mjomba wako kabisa?"

"Nimemwandika tayari. Gonga muhuri."

Akagonga.